Kozi ya mtandaoni isiyosomeka kwa wote isipewe kibali

Kabla ya mwaka wa masomo kuanza, kila mhadhiri anayefundisha kwa njia ya mtandao afanye jaribio moja ofisini kwake. Afungue faili la somo la kwanza alilowaandalia wanafunzi, apunguze mwanga wa skrini mpaka iwe giza, aweke kipanya kando, kisha aiache kompyuta imsomee. Asiposikia kitu, au akisikia neno "picha" likirudiwa ukurasa baada ya ukurasa, ajue kwamba mwanafunzi asiyeona aliyesajiliwa katika kozi yake hana somo wiki hiyo. Ada amelipa, jina lake limo kwenye orodha, na mtihani utamkuta palepale na wenzake.

Ufundishaji wa mtandaoni si jambo la dharura tena. Machi 2020 korona ilifunga vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya, na mambo mengi yaliyobuniwa harakaharaka wakati ule yamebaki. Tanzania ina Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kenya imepata chake, ambacho masomo yake ni ya mtandaoni, kwa hati ya mwaka 2023. Vyuo vya kawaida navyo vinachanganya: vipindi vingine darasani, vingine Zoom, notisi kwenye mfumo wa masomo wa Moodle, matangazo na mazoezi kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa watu wenye ulemavu, ahadi ya mambo haya ni kubwa na ya kweli. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anaepuka kugombania daladala alfajiri na kupanda vilima vya kampasi ya Mlimani kutafuta ukumbi uliobadilishwa dakika ya mwisho. Mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, hasomi ubao hata akiketi mstari wa mbele. Slaidi ikiwa kwenye simu yake mwenyewe anaikuza mpaka ionekane. Mgonjwa wa selimundu aliyelazwa siku tatu anarudi kusikiliza kipindi kilichorekodiwa. Tunaitaka ahadi hiyo itimie. Tunachokiona ni kwamba inavunjwa kila wiki, na mengi yanayoivunja ni mambo madogo ambayo mtu mmoja anaweza kuyarekebisha akiwa mezani kwake.

Kubwa kuliko yote ni kurasa zilizoskaniwa. Mhadhiri anachukua sura ya kitabu, anaipitisha kwenye mashine, anapata PDF, anaipandisha kwenye mfumo. Mwenye macho anaona ukurasa wa kitabu, umepinda kidogo, na kivuli cha kidole cha mtoa nakala kiko pembeni. Kompyuta inaona picha isiyo na hata herufi moja. Wanafunzi wengi wasioona hutumia JAWS au NVDA, programu zinazosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Zikifika kwenye ukurasa wa namna hiyo hazikuti maandishi ya kusoma. Kinachofuata wanafunzi wenyewe wanakijua: kumbembeleza rafiki asome huku simu ikirekodi, au kumlipa mtu wa steshenari achape sura nzima upya. Rafiki ana masomo yake. Wa steshenari anachapa "seli" mahali palipoandikwa "sheli", na mwanafunzi hana namna ya kugundua.

Picha za WhatsApp ni mbaya zaidi. Mhadhiri amechoka, amepiga picha karatasi aliyoiandika kwa kalamu, ameituma kwenye kundi na maneno "someni, kesho jaribio". Ndani ya dakika mbili watu 200 wamejibu "asante mwalimu". Mmoja anasikia simu ikimwambia tu kwamba picha imeingia.

Hata faili lenye maandishi halisi linaweza kuwa msitu. Vichwa vya sehemu vikiwekwa kwa mitindo ya Word yenyewe, badala ya kukoleza wino na kukuza herufi tu, anayetumia NVDA anabonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka afike anapopataka. Bila mitindo hiyo, anayetafuta swali la nne kwenye kijitabu cha kurasa 60 anasikiliza tangu neno la kwanza. Kuweka mtindo ni kubofya mara moja. Mchoro nao unahitaji sentensi mbili za maelezo, na mahali pa kuziandika pameshawekwa ndani ya programu. Word na PowerPoint zina hata kitufe cha kukagua faili na kuonyesha penye kasoro, ila wengi wetu hatujawahi kukibonyeza.

Kuna jambo linalowahusu hasa wanaofundisha kwa Kiswahili. Faili la Kiswahili ambalo halikutambulishwa kuwa la Kiswahili husomwa na sauti ya Kiingereza, kwa matamshi ya Kiingereza, na sentensi nzima inatafunwa mpaka haieleweki. Sauti ya Kiswahili ipo. Imo ndani ya eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, na NVDA yenyewe hutolewa bure. Sauti hiyo ni kavu, lakini inaeleweka. Kinachotakiwa ni mwandishi wa faili kuchagua Kiswahili kuwa lugha ya waraka kabla ya kulihifadhi. Idara na taasisi za Kiswahili za vyuo vyetu ndizo zinazopaswa kuwa za kwanza kuzingatia hili. Ni aibu tasnifu ya Kiswahili ikafikia masikio ya msomaji kwa lafudhi ya mtu asiyeijua lugha.

Tuje kwa viziwi, ambao mjadala huu huwasahau kwa sababu watu wengi wakisikia neno ulemavu wanafikiria macho na miguu. Kipindi cha Zoom kinaanza, mtandao unakatakata, mhadhiri anasema kwa nia njema: "Zimeni kamera tuokoe bando." Wote wanazima, mkalimani wa lugha ya alama naye anazima. Kuanzia hapo mwanafunzi kiziwi anatazama miraba myeusi yenye majina. Au kamera ya mkalimani imeachwa, lakini mhadhiri ameonyesha slaidi zake skrini nzima, na mkalimani amebanwa kwenye kidirisha cha ukubwa wa stempu, vidole havionekani. Zoom inaruhusu dirisha la mkalimani kubandikwa likabaki kubwa muda wote. Anayeendesha kipindi ajifunze hilo kabla ya kipindi, asilitafute wakati watu 80 wanamsubiri.

Halafu kuna gharama ambayo hakuna anayemrudishia kiziwi. Mwanafunzi anayesikia anaweza kuzima video na kufuata kipindi kwa sauti pekee. Kiziwi hana hiari hiyo: bila video hana mkalimani, na video ya Zoom hula bando zaidi ya mara kumi ya sauti. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa somo lilelile ni yeye. Vyuo vinavyogawa bando au kulipia intaneti ya wanafunzi vizingatie hili, na visivyogawa vianze na viziwi.

Wakalimani wenyewe ni wachache, na wa chuo kikuu wachache zaidi. Hatuwezi kuwazalisha kwa tahariri. Lakini tunaweza kuacha kuwaumiza waliopo. Ukalimani wa saa mbili mfululizo haufanywi na mtu mmoja. Mikono na akili huchoka, na desturi ya kazi hiyo ni wawili kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Mkalimani pia hawezi kubuni papo hapo ishara za biokemia au za sheria ya mikataba. Apewe slaidi siku mbili kabla, akae na mwanafunzi wakubaliane ishara watakazotumia. Manukuu ya kujiendesha yanayotokea chini ya video yanasaidia, tunayaunga mkono, ila yanapotea njia mhadhiri anapochanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, na karibu kila mhadhiri wetu anachanganya. Video itakayotumika muhula baada ya muhula ihaririwe manukuu yake na mtu.

Mitihani tuipitie kwa ufupi. Jaribio la dakika 40 linalojifunga lenyewe humfungia nje mtu anayesikiliza maswali badala ya kuyatazama, na anayeandika kwa mkono mmoja. Moodle ina sehemu ya kumwongezea mwanafunzi mmoja muda bila kuwagusa wengine. Kuiweka ni kazi ya dakika chache. Maswali ya kuburuta jibu kwa kipanya hayafai kwa asiyetumia kipanya. Na popote chuo kinapofikiria kununua mfumo wa kuwachunga watahiniwa kwa kamera unaotafsiri macho yasiyotazama skrini kuwa dalili ya udanganyifu, tunakiomba kisimamishe kwanza.

Hakuna katika haya linaloomba huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kenya iliridhia mwaka 2008, na Ibara ya 54 ya Katiba yake ya 2010 inataja haki ya kufika kwenye taasisi za elimu, haki ya kutumia lugha ya alama, nukta nundu au njia nyingine inayofaa, na haki ya kupata nyenzo na vifaa. Mkataba wenyewe, katika Ibara ya 9, unataja teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na intaneti. Katika Ibara ya 24 unataja elimu ya juu kwa jina lake. Kipimo cha kiufundi nacho kipo: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya wavuti yafikike kwa watu wenye ulemavu, umekuwepo tangu 1999 na umeboreshwa mara kadhaa. Hatuhitaji kamati ya kuandika mwingine.

Kuna pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao wasomi wengi hawaujui ingawa unagusa meza zao kila siku. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi yanayosomeka na kompyuta, kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Unaruhusu nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Kitabu cha saikolojia kilichokwisha kugeuzwa Nairobi hakina sababu ya kugeuzwa upya Dodoma. Maktaba za vyuo vya nchi hizi mbili zikikubaliana orodha moja ya vitabu vilivyo tayari, mwanafunzi atapata Jumatatu kitu ambacho sasa anakisubiri hadi katikati ya muhula.

Wanaosema tufundishe kwanza, marekebisho yatakuja baadaye, waangalie yaliyotokea Marekani. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa kimeweka hadharani maelfu ya mihadhara ya bure bila manukuu ya kuaminika. Viziwi walilalamika, Wizara ya Sheria ikaandika mwaka 2016 kwamba sheria inavunjwa. Chuo kikatazama gharama ya kurekebisha mrundikano wote ule, na mwaka 2017 kikaondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000. Wote wakakosa, wanaosikia na wasiosikia. Suala likaisha mwaka 2022 kwa makubaliano na serikali yaliyokilazimisha chuo kufanya kazi ileile ambayo ingekuwa rahisi kama ingefanywa kila mhadhara ulipokuwa ukirekodiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyuo vyetu bado viko kwenye ufa: maktaba zetu za video ni changa, na nyingi ya kozi hizi ndiyo kwanza zinaandikwa.

Tunajua mhadhiri atatujibu nini. Ana darasa la wanafunzi 600, ana mitihani ya kusahihisha, mshahara ni uleule, na sasa gazeti linamwongezea kazi. Ana haki ya kulalamika, na lawama yetu haiishii kwake. Menejimenti ya chuo ndiyo inayompa mfumo, ndiyo inayopaswa kumpa kiolezo cha faili kilichokwisha kupangwa vizuri, siku moja ya mafunzo yenye kompyuta mbele yake, na kitengo cha kumgeuzia kurasa za zamani kuwa maandishi. Mzigo wa zamani upunguzwe muhula kwa muhula, kwa kuanza na kozi za mwaka wa kwanza zenye watu wengi. Ila faili linaloandikwa leo halina udhuru. Kuliandika vizuri na kuliandika vibaya kunachukua muda unaokaribiana.

Jibu jingine tunalolisikia ni kwamba wanafunzi wenyewe ni wawili au watatu. Uchache huo ni matokeo ya milango waliyofungiwa tangu shule ya msingi. Hauwezi kugeuzwa kuwa sababu ya kufunga mwingine. Tena si wachache kama orodha inavyoonyesha. Wapo wenye disleksia ambao hawakuwahi kupimwa, wenye usikivu unaopungua, wenye usonji, wenye maradhi ya akili wanaoogopa kuyataja ofisini. Hao hawatajaza fomu ya mahitaji maalumu. Watanufaika tu ikiwa kozi imeandaliwa vizuri kwa kila mtu. Na wasio na ulemavu wowote watafurahi pia: sura iliyoskaniwa ina uzito wa megabaiti nyingi, maandishi yaleyale yakiwa maandishi halisi hayafiki hata moja, na kila mwanafunzi ananunua bando.

Kuhusu fedha, tusiambiwe hazipo. Mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, umeelekezwa kwenye vyuo vya Tanzania, na TEHAMA ni sehemu yake. Jengo la ghorofa lisilo na njia ya kiti cha magurudumu kila mpita njia analiona na kulisema. Kozi isiyosomeka haionekani na mkaguzi asiyeifungua. Kila shilingi inayonunua mfumo wa kufundishia inunue mfumo uliojaribiwa na watu wenye ulemavu, na waliojaribu walipwe. Wapo vyuoni tayari. Mwanafunzi anayetumia JAWS kwa miaka mitano atakwambia kwa nusu saa yale ambayo mshauri wa mradi hatayaona kwa mwezi. Bodi za mikopo nazo zitambue kwamba kwa mwanafunzi asiyeona kompyuta mpakato ndiyo daftari, kalamu na miwani yake, zikaigharimie hivyo.

Tunaomba pia utaratibu mmoja ukome: ule wa mwanafunzi kujieleza upya kwa kila mhadhiri, kila muhula, na kuonyesha cheti cha daktari kana kwamba ulemavu wake ungeweza kuisha likizoni. Ajieleze mara moja anaposajiliwa. Ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu iwapelekee wahadhiri taarifa inayowahusu kabla ya wiki ya kwanza, kwa ridhaa yake.

Mwenye rungu la mwisho ni msimamizi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya hukagua mitaala kabla ya kozi kuruhusiwa. Zinauliza juu ya sifa za walimu, vitabu, maabara. Ziongeze swali hili: je, mwanafunzi asiyeona na mwanafunzi kiziwi wameijaribu kozi hii mwanzo hadi mwisho, na wamesemaje? Majibu yao yaambatanishwe kwenye maombi. Pasipo na majibu, kozi irudishwe ilikotoka, na isifunguliwe kwa mwanafunzi yeyote mpaka irekebishwe.